Majira yabadilikapo, mgonjwa wa kisukari asiachwe kubahatisha

MAJIRA ya mwaka hayaathiri mavuno ya mkulima pekee. Kwa mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, joto la Februari na baridi ya Julai ni mambo ya kufa na kupona.

Joto linapozidi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka. Hivyo basi, insulini hunyonywa upesi na sukari huweza kushuka ghafla. Dalili zake ni kutetemeka, moyo kwenda mbio na kutokwa na jasho. Hapo ndipo penye hatari, kwani mkazi wa Lodwar au Garissa aweza kudhani jasho hilo ni la jua tu, akaendelea na kazi hadi akazirai. Mwili ukipungukiwa na maji nao, sukari hupanda.

Katika nyanda za juu kama vile Limuru na Nyandarua, tatizo huwa la aina nyingine. Kati ya Juni na Agosti, watu wengi hupunguza matembezi, nao mwili unaopambana na baridi huweza kutoa homoni zinazopandisha sukari. Kipimo cha dawa kilichotosha Machi huenda kisitoshe Julai.

Kuna pia suala la kuhifadhi dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji kuwekwa kwenye jokofu, katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Je, asiye na umeme afanye nini? Kwa miaka mingi, baadhi ya wagonjwa wamelazimika kwenda kliniki kila siku kudungwa sindano.

Utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulileta matumaini. Ukizingatia hali ya kambi ya Dagahaley, Dadaab, ulibaini kuwa insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu zake ikilinganishwa na iliyowekwa kwenye jokofu. Hata hivyo, matokeo hayo si kibali cha kuianika dawa juani. Nayo iliyoganda kwa barafu haifai tena.

Lakini kumruhusu mgonjwa kuweka dawa nyumbani bila kumpa kifaa cha kupima sukari ni kumwachia mzigo nusu. Hawezi kutofautisha jasho la jua na la sukari kushuka kwa kukisia. Wala haifai ajibadilishie kipimo cha dawa bila ushauri wa daktari.

Serikali za kaunti hazina budi kuhakikisha kwamba vifaa hivyo vinapatikana katika zahanati kwa bei nafuu, na wahudumu wakumbuke kukagua vipimo vya dawa kila majira yanapobadilika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni figo zilizokufa na miguu iliyokatwa.