Usilipie njia mbili kama mzigo unaenda upande mmoja



Siku hizi ukitaka ukurasa wa duka unaoonyesha stoo mubashara, fundi anakutajia WebSocket na bei inapanda hapo hapo. Mimi nimeishia kidato cha nne, kuprogramu nimejifunza mwenyewe usiku baada ya kufunga duka. Msimamo wangu: maduka mengi ya saizi yetu hayahitaji hiyo. SSE inatosha.

Chukua mfano. Umebakiwa na pea moja ya viatu namba 42. Ikiuzwa dukani, mteja aliyeko nyumbani anatakiwa aone "imeisha" bila kurifreshi. Asipoona, anatuma hela, halafu wewe unaanza kurudisha na kuomba radhi. Huyo kumpata tena ni kazi.

Njia ziko tatu. Kwanza, simu yake iulize seva kila sekunde 5. Hayo ni maswali 720 kwa saa, mengi jibu lake ni "hamna jipya", na bando linaliwa. Pili, WebSocket: mteja na seva wanaongea wote muda wote. Hiyo ni nzuri kwa chati na gemu. Tatu, SSE: njia inabaki wazi, seva inasukuma habari pale tu kuna jipya. Oda inakuja kwa fomu ya kawaida.

Na mtandao wetu huu wa kukatika-katika, SSE inanibamba zaidi. Ukikatika, brauza inajiunganisha yenyewe. Kama ujumbe una namba, inaiambia seva imeishia namba ngapi, ili itumiwe zilizompita. Kwenye WebSocket hayo yote fundi anayaandika, na wewe unayalipia.

Kasoro zipo. Kwa HTTP/1.1 brauza inaruhusu miunganisho 6 tu kwa tovuti moja, kwa hiyo mwambie fundi aweke HTTP/2. Pia ujumbe mubashara sio kufuli. Watu wawili wanaweza kubonyeza "nunua" sekunde ile ile, kwa hiyo lazima seva ihakiki stoo kabla ya kupokea hela.

Kabla hujalipa, muulize fundi swali moja tu: "Mteja wangu ana nini cha kuiambia seva kila sekunde?" Akikosa jibu, usiingizwe mjini.