Ramani ya Shamba Isomeke kwa Mwenye Shamba

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Je, na daftari lisilosomeka kwa mwenye mali?

Majuzi ami yangu alinijia na ramani ya awali ya kuwagawia wanawe watatu shamba. Alikuwa amekwisha kuitia kidole. Katikati palichorwa mistari miwili sambamba yenye maelezo ya Kiingereza. Yeye alidhani ni ua. Kumbe ilikuwa barabara, nayo ilipita juu ya kaburi la nyanyangu!

Barabara yenyewe si hila, kwani kila kipande sharti kifikike. Ramani huonyesha mipaka, njia na ukubwa wa kila kipande, kisha hupelekwa kwa serikali ya kaunti iidhinishwe. Ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Kabla mawe ya mpaka hayajachimbiwa, kosa hurekebishwa kwa kalamu tu. Na ndivyo tulivyoisogeza barabara ile.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 chakifanya Kiswahili lugha rasmi sawa na Kiingereza. Maneno hatuyakosi: mpaka, kipande, njia, kipimo. Kinachokosekana ni sharti la kuyaandika. Nazisihi serikali za kaunti zisiidhinishe ramani isiyo na maelezo ya Kiswahili. Nanyi walimu, ileteni darasani ramani ya namna hiyo. Mwanafunzi aijuaye kuisoma atamsomea babake kabla wino haujagusa kidole.