Mbwa wa depo naye ana tumbo



Mu gazeti letu tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, mbolea na bei ya mahindi. Leo tunazungumza juu ya mbwa. Tunajua wamoja watacheka. Mama mmoja, tulipomwambia kwamba tutaandika juu ya chakula cha mbwa, alituuliza: «Watoto wanakosa nyama, na nyinyi ba agronomu munafikiria imbwa?» Swali lake ni la haki, tutalijibu. Lakini mbele ya kujibu, tuwaelezee kilichotuleta kwa jambo hili.

Moja ya koperative tunazotembelea ilikuwa na mbwa wawili ku depo. Sentineli wa usiku ni mzee, na kusema kweli mbwa ndio walikuwa wanalinda mahindi. Mu msimu wa mvua, mmoja alianza kukataa chakula. Kiisha akatapika, akahara, na mavi yake yakawa meusi. Alikufa. Watu wote walisema: wezi wamempa sumu. Walikwisha hata kutaja jina la kijana mmoja wa kijiji. Siku ya tatu tulifika, tukamwangalia mbwa wa pili. Tulipofungua mdomo wake, tuliona ufizi umekuwa manjano. Hapo tukauliza: «Wanakula nini?» Sentineli akajibu bila kuficha: «Bugali tu, papa. Ya yale mahindi ya chini, yale yenye kufanya ukungu. Mulisema yasitupwe.»

Ni kweli, tulisema. Mu mafunzo ya mwaka uliotangulia, sisi wenyewe tuliwaambia wanamemba wachague mahindi: mazuri yauzwe, mabaya yapewe nyama wa nyumbani. Hatukupima kitu ku laboratware, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba ni ukungu uliomwua. Lakini dalili zile tunazijua, na shauri lile lilikuwa letu. Leo tunaliondoa mbele ya wote. Na yule kijana aliyeshutumiwa, komite ilienda kumwomba radhi.

Ukungu wa mahindi na wa karanga unaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa macho, na moto wa kupikia hauiondoi. Ukipika bugali ya mahindi mabaya, umepika sumu pamoja nayo. Inaharibu maini, na mbwa ni kati ya nyama wanaoumizwa nayo upesi sana. Mwishoni mwa mwaka 2005, huko Marekani, mbwa wengi walikufa kwa chakula cha viwanda kilichotengenezwa na mahindi yenye sumu hiyo. Na si mbwa peke yao. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi waliyoyavuna wenyewe na kuyaweka nyumbani yakiwa hayajakauka vizuri. Walikuwa wakulima kama sisi.

Basi, mbwa akiugua tumbo ku depo, tusikimbilie kumhurumia au kumfukuza tu. Tuangalie magunia. Yeye anakula kila siku kile ambacho sisi tunakula mara moja moja. Mbwa yule wa depo alituonyesha shida ya mahindi yetu mbele ya mtu yeyote.

Sasa, mbwa anafaa kula nini? Wengi wanasema mbwa ni wa nyama tu, na kwa kuwa hatuna nyama, basi ale anachookota. Si hivyo. Mbwa ameishi na watu miaka maelfu, na tumbo lake limezoea chakula cha watu. Wataalamu walionyesha mu mwaka 2013 kwamba mbwa ana uwezo wa kusaga wanga kupita mbwa-mwitu wa Ulaya anayefanana naye. Bugali inamfaa, mchele unamfaa, viazi vinamfaa, lakini viwe vimepikwa na kuiva. Unga mbichi au bugali isiyoiva inapita tu na kumletea gesi na kuhara. Na bugali peke yake haitoshi: anahitaji kitu cha kujenga mwili, sawa na mtoto. Mtoto anayekula paka bugali tunajua anapata bwaki. Mbwa naye anakonda, manyoya yanakauka, vidonda havifungi.

Kwa mbwa wa kilo 15 hivi, anayelinda usiku, tunashauri kwa siku moja: unga wa mahindi safi gramu 200, upikwe bugali laini, sambaza au ndagala kavu gramu 60, zichemshwe bila chumvi, na kijiko kimoja cha mawese. Gawanya mara mbili, asubuhi na jioni. Maji safi yawe pale saa zote. Pasipo samaki, soya inaweza kusaidia, lakini iwe imechemshwa sana au kukaangwa kiisha kusagwa, maana soya mbichi inazuia tumbo kusaga chakula. Vichwa vya samaki wadogo vinafaa vilevile vikipikwa.

Kuna vitu tusimpe. Vitunguu, hata vile vya kwenye mchuzi, vinaharibu damu yake. Mifupa iliyopikwa, zaidi ya kuku, inavunjika kama sindano na kutoboa matumbo. Maziwa yanawaharisha mbwa wakubwa wengi. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una sumu kwake kama kwetu. Na siku ya kuchinja mbuzi au kondoo, tusimtupie mapafu na maini mabichi yenye malengelenge: ndani mnaweza kuwa watoto wa tegu. Wanakomaa tumboni mwa mbwa bila yeye kuugua, kiisha mayai yao yanatoka kwa mavi, na watoto wanaocheza pale wanaambukizwa. Maini yenye malengelenge yazikwe ndani sana au yachomwe.

Lakini hata chakula kizuri kinaweza kumharisha kama kimebadilishwa kwa ghafla. Hapa ndipo wengi tunakosea. Jumatatu mbwa anakula bugali, Jumanne kuna sherehe anashiba mafuta na ngozi, Jumatano hakuna kitu. Siku ya ine anahara, na tunasema: «Samaki hazimupatani.» Samaki hazina kosa. Tumbo la mbwa linahitaji muda wa kuzoea. Siku tatu za kwanza, weka robo ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani. Siku tatu zinazofuata, nusu kwa nusu. Siku tatu tena, robo tatu za kipya. Siku ya kumi, kipya peke yake.

Na tubadilishe kitu kimoja kwa mara moja. Ukileta samaki, soya na mawese juma moja, akihara hutajua ni kipi. Sentineli awe na daftari ndogo, aandike: tarehe, alikula nini, mavi yakoje. Tusione haya kuangalia mavi, maana ndiyo barua anayotuandikia mbwa. Yakiwa magumu kiasi na yana umbo, chakula kinapatana naye. Yakiwa laini kwa siku mbili, punguza kile kipya, rudi nyuma hatua moja. Yakiwa na makamasi au yanatoka mengi kupita kile alichokula, chakula hakisagiki. Kisha shika mbavu zake: uzisikie chini ya vidole, lakini usizione kwa mbali.

Akianza kuhara na bado anachangamka, mbwa mkubwa anaweza kupumzishwa chakula saa 12, maji yakibaki. Kiisha mpe wali laini na samaki au kuku aliyechemshwa bila mafuta, kidogo kidogo, siku mbili au tatu. Mtoto wa mbwa usimnyime chakula hivyo, ana nguvu chache. Usimpe dawa za watu za maumivu, kama parasetamoli au ibuprofeni, zinaweza kumwua. Na si kila kuhara kunatoka kwa chakula. Minyoo inaharisha, na mbwa mdogo anayetapika na kuhara damu anaweza kuwa na ugonjwa wa virusi ambao chanjo ingeuzuia. Damu, ufizi wa manjano au mweupe, kutapika bila kukoma: usingoje kesho, umwite veterineri wa sekta.

Sasa tumjibu yule mama. Kwanza, mama, mbwa wa depo anakula tayari. Hakuna koperative yenye mbwa anayeishi kwa upepo. Anakula mahindi yaliyooza, anaiba mayai, anaingia mu shamba la jirani, anakula mavi nyuma ya nyumba. Gharama iko, ila haiandikwi mahali. Pili, gramu 200 za unga na samaki kidogo kwa siku, fanyeni hesabu wenyewe kwa bei ya soko lenu, kiisha mulinganishe na bei ya gunia moja lililoibwa. Kwa hesabu tulizofanya pamoja na komite mbili, mwezi mzima wa mbwa ulikuwa chini ya gunia lile. Tatu, hatusemi mbwa ale nyama ambayo mtoto hapati. Tunasema asile sumu, na asipewe kazi bila chakula. Yeyote anayetaka mbwa bila kumlisha, afadhali asiwe naye.

Kwa hiyo tunaomba komite zote mambo matatu. Mu mkutano mkubwa unaokuja, andikeni mustari mmoja wa chakula, dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Chagueni mtu mmoja wa kumlisha, kwa saa zinazojulikana, na daftari yake. Na mahindi yenye ukungu, msiyape mbwa, kuku wala ng'ombe: ng'ombe akiyala, sumu inaweza kutoka mu maziwa tunayokunywa. Yazikwe mbali na maji.

Lakini afadhali ukungu usiingie. Mbele ya kufunga magunia, tieni mahindi mu chupa kavu pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, mutikise, mungoje dakika 15. Chumvi ikishika ku chupa, mahindi bado mabichi, yarudi ku jua. Ikibaki chini bila kushika, mnaweza kuyaweka.

Mbwa wa pili wa ile depo alipona polepole, kwa bugali safi na sambaza. Bado amekonda. Tulipopita mara ya mwisho, alitubwekea sisi vilevile, na sentineli akatuonyesha daftari: siku 41 zimeandikwa, bila kuruka hata moja. Yale magunia ya chini, komite ilikubali kuyafukia, na ilikuwa hasara kubwa kwao. Tunawashukuru, maana yangeweza kuuzwa, na hakuna mnunuzi aliyeuliza.