Tuache Kuwaua Watu Katika Hadisi Zetu

Hadisi ambazo vijana wetu wanaandika zinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Msichana anaondoka kijijini kwenda Bukavu. Mstari wa tatu amekwisha potea. Mstari wa kumi amekufa. Kisha tunapewa nusu ukurasa ya mashauri. Hana jina, hana mama, ameumbwa ili afe tu.

Nasema waziwazi: hadisi ya namna hii ni uvivu, tena ni uwongo. Katika parokia zetu wako mabinti waliokwenda mjini wakarudi wazima, na mtoto mgongoni, nao hukaa kwenye benchi la nyuma wakati wa Misa. Mungu hakuwaua. Mwandishi ndiye anayewaua, kwa sababu hajui awaambie nini wakiwa hai. Na yule mama wa benchi la nyuma akisoma hadisi hiyo, ataelewa nini? Kwamba sisi tungependa afe. Wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Bwana Yezu alikataa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenyeji wengine wa Yeruzalemu (Luka 13). Sisi tunaangusha mnara katika kila hadisi.

Wengine watanijibu: Hadisi bila fundisho ina faida gani kwa Mkristo? Nami nawauliza: nabii Natani alimfundisha mfalme Daudi kwa njia gani? Hakuanza na amri za Mungu. Alisimulia habari za maskini mwenye mwana-kondoo jike mmoja tu, aliyekula chakula chake, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake. Kiangalieni vizuri hicho kikombe! Ndicho kilichomshika Daudi. Akawaka hasira, akajihukumu kabla hajajua kwamba ni yeye anayesemwa. Tena katika hadisi ya Natani tajiri haadhibiwi hata kidogo. Makaripio yalikuja baadaye, uso kwa uso.

«Lakini Bwana alieleza mfano wa mpanzi!» Ndiyo, aliwaeleza wanafunzi walipokuwa faragha naye, nao ndio waliouliza (Marko 4). Na kaka mkubwa wa mwana mpotevu, je, aliingia karamuni? Luka Mtakatifu hasemi. Kaka yuko nje, baba yake anambembeleza, na habari inaishia hapo. Nimewaona wazee wa kigango wakibishana juu ya jambo hilo mpaka jua likatua. Juu ya nusu ukurasa ya mashauri sijamwona mtu akibishana.

Basi anayetaka kuandika hadisi ya binti huyo, amwache apande lori akiwa hai. Atuambie kikapuni mwake mlikuwa na nini, nani alimpa nauli, na mama yake alisema neno gani asubuhi ile, au kama alinyamaza.