Wakunga wa jadi wana nafasi kwenye orodha ya mishahara

Nakubaliana na wanaosema kwamba waajiri watazame zaidi ya vyeti, ila mfano ulio karibu nasi wameuruka. Kamagambo Kaskazini, kaunti ya Migori nchini Kenya, shirika la Lwala lililofungua zahanati yake mwaka 2007 liliwaajiri wakunga wa jadi kuwa wahudumu wa afya ya jamii. Chuo hawakupitia, lakini walikuwa na kitu ambacho hakuna chuo kinachokitoa: wajawazito waliwaamini tayari. Wakapewa mafunzo, msimamizi na malipo, na kazi ikabadilika. Badala ya kuzalisha nyumbani, sasa humsindikiza mama hadi kituo cha afya.

Atakayesema kwamba uhai wa mama haukabidhiwi mtu asiye na cheti ana hoja nzito, kwani damu inayotoka kwa wingi baada ya kujifungua huweza kuua ndani ya saa chache. Lakini mkunga aliyeachwa nje ya mfumo hakuacha kuzalisha. Alizalisha pasipo mtu wa kumsimamia. Ajira ndiyo iliyompa mipaka. Wala hafanyi kazi peke yake: muuguzi ana ujuzi, mkunga anajua mlango upi ubishwe, na kiongozi mzuri huwafanya waheshimiane. Katika ajira za kaunti, kutazama zaidi ya cheti si jambo geni: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasiotoka kabila kubwa la kaunti. Bodi za ajira za Migori na Homa Bay zisiishie kwenye kabila. Zipime pia ujuzi usioandikwa popote.