Zebaki haizuiwi na kondo

"Kondo la nyuma humkinga mtoto." Dai hili ni kongwe, na zamani hata madaktari waliliamini. Kule Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwa samaki, na wanawake waliowala, ingawa walionekana wazima, wakajifungua watoto wenye mtindio wa ubongo. Ushahidi ulipatikana majumbani: Wajapani wana desturi ya kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukitunza. Daktari Masazumi Harada alivikusanya vitovu hivyo, vikapimwa, na zebaki ikakutwa humo miaka mingi baada ya watoto wenyewe kuzaliwa. Leo tunajua kwamba damu ya kitovu kwa kawaida huwa na zebaki ya samaki nyingi kuliko damu ya mama. Anayesema mama akiwa mzima mtoto hana neno, na aitazame Minamata.

"Kiasi kidogo hivyo hakidhuru." Katika visiwa vya Faroe, ambako huliwa nyama ya nyangumi yenye zebaki, timu ya Philippe Grandjean na Pál Weihe ilipima damu ya vitovu na nywele za akina mama katika uzazi upatao 1,000, mwaka 1986 na 1987. Watoto wale walipofika miaka 7, kadiri zebaki ya kitovuni ilivyokuwa nyingi, ndivyo walivyoelekea kubaki nyuma katika lugha, usikivu na kumbukumbu. Machoni walikuwa watoto wa kawaida kabisa. Bila vile vipimo vya siku ya kuzaliwa, nani angejua?

"Pima nywele, inatosha." Hapa hukosea hata wenye nia njema. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo hueleza vizuri zebaki ya samaki, mwezi kwa mwezi wa mimba. Lakini mama wa Geita anayechoma zebaki ili apate dhahabu huvuta mvuke, na huo hutafutwa kwenye mkojo. Na risasi, metali nyingine yenye sumu, hutafutwa kwenye damu.

"Baba hahusiki." Anahusika. Fundi wa betri hurudi na vumbi la risasi kwenye nguo, akamkumbatia mkewe mjamzito.

"Aliacha kazi hiyo zamani." Risasi hukaa mifupani kwa miongo, na mimba inapochota madini ya mifupa, nayo hurudi kwenye damu. Mkunga asiulize kazi ya sasa tu; aulize na ile ya ujanani.