Masafa Mafupi Yanayotupoteza Njia

Aghalabu mijadala yetu ya istilahi huanzia na kuishia kwenye maneno matatu: kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Wakati tunabishana, istilahi zinazowakwaza watu kazini huachwa bila mlezi. Ningependa kuizungumzia mojawapo.

Mdogo wangu hutengeneza simu mjini Malindi. Siku moja aliniuliza, "Dada, hii chipu ya Bluetooth ni ya masafa mafupi?" Nikamjibu kwamba ndiyo. Akacheka. "Basi mbona redio ya babu, nayo ya masafa mafupi, ilikuwa ikinasa London?" Sikuwa na jibu.

Swali lake lilikuwa la haki. Watangazaji walituzoesha kuyaita 'masafa mafupi' mawimbi ya megahezi 3 hadi 30. Ufupi huo ni wa wimbi, si wa safari: mawimbi hayo hugonga tabaka la juu la anga, yakarudi ardhini maelfu ya kilomita mbali. Chipu ya Bluetooth hutumia gigahezi 2.4, na wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 hivi tu. Nguvu yake kwa kawaida ni miliwati chache, basi hufika takribani mita 10. Wabunifu walikusudia hivyo. Aina yake ya umeme kidogo, iliyoingizwa katika toleo la mwaka 2010, hulala karibu muda wote. Huamka kwa milisekunde chache, husema neno lake, kisha hulala tena. Ndiyo sababu betri ndogo kama kifungo huweza kuihudumia kwa miezi, hata miaka. Nasi tumekipa kinachovuka bahari na kisichovuka ua jina lilelile.

Wapo watakaodai kuwa hiyo ni dalili ya uchanga wa Kiswahili katika sayansi. Pwani hii yenyewe inawakanusha. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru, na hadi leo wanaastronomia huitaja orodha ya Uhuru. Bluetooth nayo ina jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Ikiwa lakabu ya mfalme imeweza kuingia katika kila simu, maneno yetu yana kasoro gani?

Hata hivyo, jina pekee halitoshi. 'Uhuru' lilitolewa kama heshima. Halikumfundisha mtoto wa Ngomeni jinsi redio inavyofanya kazi. Kinachofundisha ni istilahi zisizogongana.

Napendekeza hivi: 'masafa' tuyaachie idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, redio ya babu tuiite ya 'mawimbi mafupi', na chipu ya mdogo wangu iwe ya 'umbali mfupi'. Yamkini wahadhiri wetu wana maneno bora zaidi. Nawasihi tu wasiyatunge ofisini. Kutoka Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, hadi vibanda vya mafundi wa Malindi ni mwendo wa saa moja hivi kwa matatu. Twendeni tukawasikilize kwanza, kisha ndipo tuandike kamusi.